Tulisema Mtoto Wetu Hasikii

Yapo maneno tunayoyasema kila siku majumbani mwetu bila kuyapima. Mojawapo ni hili: "Mtoto huyu hasikii." Sisi hapa Kitendaguro, katika Manispaa ya Bukoba, tulilisema kwa muda wa miaka sita kuhusu mtoto wetu wa nne. Tulilisema kwa majirani, tulilisema kwa bibi yake, tulilisema hata mbele yake mwenyewe. Maana yetu ilikuwa kwamba ni mkaidi. Hatukujua kwamba tulikuwa tunasema kweli.

Tunaandika "sisi" kwa sababu kosa hili si la mmoja. Sisi ni mume na mke. Baba ni fundi seremala. Mama, ambaye ndiye anayeshika kalamu, ni muuguzi mwenye stashahada, na kazi hiyo ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku za Jumapili husaidia kufundisha watoto kanisani. Kwa hiyo nyumba yetu si nyumba ya watu wasiojua habari za afya. Aliyetufungua macho hakuwa daktari wala mchungaji. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, naye alitumia chombo ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumesimama hadharani kukipinga.

Kishikwambi chafika shuleni

Itakumbukwa kwamba Agosti 23, 2022 nchi yetu ilifanya sensa ya watu na makazi. Makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi, yaani zile kompyuta bapa za kushika mkononi, badala ya makaratasi. Sensa ilipokwisha, Serikali iliamua vishikwambi hivyo vipelekwe kwa walimu wa shule za umma, na ugawaji ukazinduliwa Novemba mwaka huo huo. Ndivyo kimoja kilivyofika mikononi mwa mwalimu wa mtoto wetu, katika shule moja ya msingi iliyo karibu nasi.

Mwalimu huyo ni binti mdogo. Umri wake ni karibu sawa na wa binti yetu wa kwanza. Mwaka 2023 ulipoanza, darasani kwake kulikuwa na watoto 96. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa mengi yamejaa namna hiyo. Ni jambo la kushukuru kwamba watoto wengi wanakwenda shule. Lakini mwalimu ana masikio mawili tu, hata kama watoto ni 96.

Katika mkutano wa wazazi wa Januari, mwalimu alisimama akaeleza kwamba anataka kujaribu kufundishia kishikwambi. Alisema Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, na kwamba zipo pia nyimbo na katuni za hesabu za Ubongo Kids, ambazo zimetengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Aliomba kila mzazi achange shilingi elfu moja ili ipatikane spika ndogo na bando la kupakulia masomo.

Baba alisimama. Alisema watoto wakizoeshwa vioo watatazama mambo machafu. Alisema mwalimu anayeweka mashine imfundishie ni mwalimu aliyechoka kazi. Alimaliza kwa kusema, "Sisi tulisoma kwa chaki na ubao, na tumekuwa watu." Wazazi wakapiga makofi. Mama naye, aliyeketi katika benchi la nyuma na sare yake ya kazi, alipiga makofi. Mchango ukakataliwa. Binti wa watu akaketi, akainamia daftari lake.

Tukitafakari leo tunaona kwamba hofu ile ilikuwa ya zamani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Sisi tulikua na redio peke yake. Mtu aliyekua hivyo huona kila kioo kinachong'aa ni mgeni wa kuchungwa. Kuchunga si vibaya. Vibaya ni kumhukumu mgeni kabla hajaketi.

Mwalimu anajaribu na kushindwa

Baadaye mwalimu alitusimulia jinsi alivyohangaika. Alianza kwa fedha yake mwenyewe. Alipakua katuni usiku, akazionyesha asubuhi. Kioo cha kishikwambi si kikubwa kuliko daftari. Watoto wa mstari wa mbele waliona, wa katikati walisimama juu ya madawati, na wa nyuma walipigana. Kipindi kikaisha kwa fimbo na machozi. Akasema moyoni, "Wazazi walikuwa na haki."

Akajaribu kusomesha kitabu cha kiada humo kwenye kioo, kwa zamu, watoto watano watano. Alipomaliza makundi mawili kengele ililia. Akajaribu hadithi za kusikiliza bila picha. Mvua ya Bukoba, ambayo wenyeji mnaijua, ikaanguka juu ya bati, na hakuna aliyesikia hata neno. Siku nyingine umeme ulikatika tangu jioni, akafika shuleni na chombo kilichozimika.

Karibu akirudishe sandukuni. Ndipo siku moja, wakati akikagua madaftari, alijiuliza swali ambalo kila mwalimu mwenye darasa kubwa hujiuliza: "Hawa watoto, nani kati yao anasoma kweli?" Maana darasani wote husoma kwa sauti moja. Mmoja akianza, wengine hudakia. Mwalimu husikia kwaya, hasikii mtoto.

Basi akafungua kinasa sauti, ambacho kimo ndani ya kila kishikwambi na hakihitaji bando. Kila siku, wengine wakiwa wanaandika, aliwaita watoto 20 mmoja mmoja chini ya mti nje ya darasa. Kila mtoto alisoma kifungu kile kile kwa dakika moja tu. Usiku, akiwa nyumbani kwake, alisikiliza sauti zile 20 akiwa na kalamu na daftari. Kwa siku tano akamaliza watoto wote 96.

Alitueleza kwamba wiki ile alijifunza mengi kuliko miaka miwili aliyokuwa amefundisha. Alikuta karibu theluthi ya darasa hawawezi kuunganisha silabi, nao walikuwa wakidakia tu. Alikuta mtoto wa kike aliyenong'ona kwa woga kiasi kwamba darasani alihesabiwa kuwa mjinga. Alipoongeza sauti ya chombo, alisikia kwamba binti yule anasoma vizuri kuliko wote. Tena akakuta sauti ya mtoto wetu.

Jioni ile

Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2023, jua likielekea kuzama. Tulisikia hodi, na tulipotazama nje kupitia migomba tukamwona mwalimu amesimama na mkoba wake. Tulitazamana. Tulidhani amekuja kwa ajili ya maneno ya mkutanoni.

Tulimkaribisha ndani, tukamletea kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi yetu Wahaya kwa mgeni. Alipokea moja kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Baba na Mama, sikuja kwa habari ya mchango. Nimekuja kwa ajili ya kijana. Naomba msikilize kitu, halafu mniambie ninyi mnasikia nini."

Akatoa kishikwambi mkobani, akakiweka juu ya meza iliyotengenezwa na Baba kwa mikono yake.

Tulisikia ndege na kelele za watoto kwa mbali. Sauti ya mwalimu ikasema, "Haya, soma." Kimya. "Soma, mwanangu." Kimya. Mtoto mwingine akacheka. "Soma tafadhali, tunangojewa." Kimya tena. Baba akatikisa kichwa akasema, "Ndivyo alivyo huyu, Mwalimu. Hasikii."

Kwenye chombo tukasikia nyayo za mtu akitembea juu ya changarawe, kama anayezunguka kutoka nyuma kwenda mbele. Sauti ya mwalimu ikasema mara ya nne, "Soma." Na papo hapo mtoto wetu akaanza kusoma.

Mwalimu akazima chombo. Akasema kwa upole, "Ndiyo, Baba. Nami nadhani hasikii."

Ilituchukua muda kuelewa kwamba yeye na Baba walikuwa wametumia neno moja kwa maana mbili.

Kisha alitoa daftari la imla. Alisoma maneno darasani, watoto wakaandika. Aliposema "fagio", kijana aliandika "sagio". Aliposema "shuka", aliandika "suka". Kwa "thamani" aliandika "samani", na kwa "hapa" aliandika "apa". "Mwanzo nilidhani ni lafudhi ya nyumbani," mwalimu alisema. "Lakini tazameni, irabu zote ziko sahihi. Zinazopotea ni zile sauti nyembamba. Tena hukosea zaidi ninaposoma nikiwa nyuma yake. Sista, mimi si mtu wa hospitali. Nimewaletea ninyi."

Mama hakujibu. Alimwita mtoto, akamsimamisha akiwa amempa mgongo. Akaziba sikio moja kwa kidole, akarudi nyuma kiasi cha urefu wa mkono, akanong'ona, "Saba." Mtoto hakusema kitu. Akanong'ona, "Embe." Hakusema kitu. Akabadilisha sikio. Upande wa kulia aliitika mara moja kati ya tano. Kipimo hicho cha kunong'ona hakigharimu hata senti. Mama amewafanyia watoto wa watu mara nyingi. Wa kwake hakuwahi kumfanyia.

Ilikotoka shida

Usiku ule hatukulala. Tulirudi nyuma mwaka kwa mwaka, na tukafika Septemba 10, 2016. Wenzetu wa Kagera hawahitaji kukumbushwa. Ilikuwa saa tisa na nusu hivi alasiri tetemeko la ardhi lilipotikisa Bukoba, watu wakafa, nyumba zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya. Nyumba yetu ilipata nyufa. Kama majirani wengi, tulilala nje chini ya turubai kwa siku nyingi, kwa sababu ardhi iliendelea kutikisika. Mtoto wetu alikuwa na umri wa miaka miwili. Alipata mafua na kikohozi, kisha homa, kisha usaha ukatoka masikioni.

Mama alimpa dawa. Usaha ukakauka. Baada ya miezi michache ukarudi, akausafisha, ukakauka. Ikawa hivyo mwaka hata mwaka. Tuliuzoea. Katika nyumba iliyokuwa na nyufa za kuziba na karo za wakubwa za kulipa, usaha kidogo kwenye mto wa mtoto ulikuwa jambo dogo. Kazini, Mama aliwaambia akina mama wengine kwamba usaha unaotoka sikioni kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu na wasiupuuze. Jioni alirudi nyumbani na kufua foronya.

Na mtoto alijua kujificha bila kujua kwamba anajificha. Alitazama midomo ya watu. Kanisani, katika darasa la Jumapili ambalo mama yake mwenyewe alilifundisha, aliimba nusu pigo nyuma ya wenzake, akiwatazama. Tulisema ana aibu. Nyumbani tulimwita kutoka jikoni asiitike, tukamwita tena, mara ya tatu tukachukua fimbo. Ni mara ngapi tumemchapa mtoto kwa kosa la kuwa na tundu katika ngoma ya sikio? Hatuwezi kuhesabu. Hilo ndilo lililotuliza usiku ule, sote wawili, na Baba alilia zaidi.

Hospitalini

Wiki iliyofuata mtaalamu alichungulia masikio yote mawili kwa kifaa chenye taa. Ngoma zote mbili zilikuwa na tundu. La kushoto lilikuwa kubwa. Alituandikia matone ya dawa ya kutia sikioni, na akatuagiza kulikausha sikio kwanza, mara tatu kwa siku, kwa kitambaa safi laini kilichosokotwa kama utambi. Dawa ikitiwa juu ya usaha haifiki panapotakiwa. Baada ya wiki mbili masikio yalikauka.

Baadaye tulipanda meli kwenda Mwanza ili usikivu wake upimwe. Aliketi katika chumba kidogo kisichopitisha kelele, akavaa visikizi, akaambiwa ainue mkono kila anaposikia mlio. Sisi tulimtazama kupitia kioo. Tulimwona mtaalamu akibonyeza, akibonyeza, akibonyeza, na mkono wa mtoto umetulia juu ya goti. Kisha ukainuka. Majibu yalionyesha kwamba usikivu umepungua pande zote, na zaidi upande wa kushoto.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba yote yamekwisha. Tundu la kulia limejifunga. La kushoto bado lipo, na tumeambiwa huenda likahitaji upasuaji. Akioga tunaziba sikio hilo, na haogelei ziwani na wenzake, jambo linalomuuma sana mtoto wa Bukoba. Lakini amekaa dawati la mbele, upande ambao sikio lake la kulia linamwelekea mwalimu. Mwaka 2024 alifanya upimaji wa darasa la nne, akafaulu kwa alama za wastani. Tulishangilia wastani ule kama watu wengine wanavyoshangilia ushindi.

Je, mashine inaweza kufundisha?

Tulipokwenda kumshukuru mwalimu, Baba alimwuliza, "Sasa, Mwalimu, kwa nini chombo hiki kisifundishe chenyewe, nawe upumzike?" Alicheka, akatusimulia habari za Tanga.

Kuanzia mwaka 2017 hadi 2019, katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 3,000 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Yalikuwa mashindano ya kimataifa yaitwayo Global Learning XPRIZE, nayo yalifanyika kwa ushirikiano na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Kila kijiji kiliwekewa mahali pa kuchaji kwa nguvu za jua. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 makundi mawili, Kitkit School na onebillion, yaligawana zawadi kuu ya dola milioni 10, na programu zilizoshindanishwa zikaachwa wazi ili watu wengine wazitumie bure.

"Ni kazi kubwa," mwalimu alisema. "Kwa mtoto asiye na shule kabisa, ni neema. Lakini nusu ile iliyobaki bila kusoma, mimi huiwaza. Huenda mmoja alikuwa mgonjwa. Huenda mmoja alikuwa haoni vizuri. Huenda mmoja alikuwa kama kijana wenu, chombo kinasema naye, yeye hasikii, na chombo hakijui kuzunguka mbele yake."

Hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tumekosea mkutanoni. Tulidhani kishikwambi kitakaa kati ya mwalimu na mtoto. Kwa mwalimu huyu kilifanya kinyume chake. Kilimpa dakika moja na kila mtoto peke yake, jambo ambalo darasa la watoto 96 lilikuwa limemnyima. Kusikia kulifanywa na yeye, usiku, kwa taa yake, kwa usingizi wake. Mwalimu mvivu angekuwa na chombo kile kile, na mtoto wetu angebaki nyuma ya darasa mpaka leo.

Mkutano wa pili

Julai 2023 wazazi tuliitwa tena. Baba alisimama mahali pale pale. Alisema, "Wazazi wenzangu, Januari nilisema maneno hapa nanyi mkanipigia makofi. Leo naomba mwalimu anisamehe mbele yenu, kama nilivyomkosea mbele yenu." Kisha akatoa kitu alichokuwa amekitengeneza: kasanduku ka mbao kenye mfuniko na kufuli, na upande mmoja mfereji wa kusimamishia kishikwambi ili kisianguke. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Palikuwa kimya, na mzee mmoja akasema, "Haya, tuchange."

Lakini hofu za wazazi hazikuwa za upuuzi zote, na mwalimu alizisikiliza. Tulikubaliana mambo matatu, nasi tunayaandika hapa yawasaidie wengine.

La kwanza, kishikwambi kikae na mwalimu, na masomo yapakuliwe kabla, ili darasani kisiunganishwe na mtandao. Mtoto asiachiwe peke yake na kioo.

La pili, sauti na picha za watoto zisitumwe kwa mtu mwingine wala katika makundi ya simu. Muuguzi ana siri ya mgonjwa; mwalimu naye ana siri ya mwanafunzi. Mtoto aliyebabaika kusoma akisikika kijiji kizima hatasoma tena. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, ni haki ya mtoto.

La tatu, kila muhula ukiisha mwalimu afute alichonasa, abaki na daftari lake la kumbukumbu tu.

Chombo chenyewe hakikukaa kipya. Kioo kimepasuka pembeni, na betri haidumu siku nzima. Mwalimu anaendelea nacho hivyo hivyo. Walimu wenzake wawili wamejifunza kazi ya dakika moja kutoka kwake, na mmoja wao anatumia simu yake ya mkononi.

Akina mama, tazameni masikio

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilieleza kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Mengi yako mikononi mwetu sisi wazazi. Basi yafaa tuyazingatie haya:

Mtoto anayesema "nini?" mara kwa mara, anayekaza macho kwenye midomo yako, anayeongeza sauti ya redio, au anayeitika akiwa mbele yako na asiitike akiwa amekupa mgongo, mpeleke apimwe kabla hujamwita mkaidi.

Usaha sikioni si jambo la kuzoea. Ukitoka, nenda kituo cha afya siku za mwanzo. Ukifika siku 14, umekuwa sugu na unaweza kuharibu usikivu.

Usitie sikioni mafuta, maji ya majani, maziwa ya mama wala kitu chochote ambacho hukuandikiwa na mtaalamu. Usichokonoe kwa kijiti wala kwa pini. Usimpige mtoto kofi la sikio. Kofi moja laweza kupasua ngoma.

Machi 3 ya kila mwaka ni Siku ya Usikivu Duniani. Tunawashauri viongozi wa vikundi vya akina mama makanisani na mitaani waitumie siku hiyo kuwapima watoto kwa kunong'ona. Sisi tumeanza katika darasa letu la Jumapili. Kazi yote huchukua dakika chache kwa kila mtoto.

Mwisho, tuwaambie jambo moja la nyumbani. Tuliporudi kutoka Mwanza tulimketisha kijana wetu mbele yetu, tukamwomba msamaha kwa fimbo zote zile. Hatukujua atasema nini. Alifikiri kidogo, akasema, "Mlikuwa mnaniita mkiwa mbali." Tukamwambia hatukuwa mbali, tulikuwa jikoni. Akatutazama kama asiyeamini.

Siku hizi tukimhitaji hatumwiti kutoka jikoni. Tunakwenda hadi alipo, tunamgusa bega, tunangoja ageuke.